Mama Povu, fundi pancha wa shimo la umeme

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Povu amepiga magoti chini ya bomba nene kuliko kiuno chake, na kiuno chake, anasema mwenyewe, si haba. Mkono wa kushoto ameshika kopo la rangi lililojaa maji ya sabuni. Wa kulia una brashi. Anapaka povu kwenye ungio la bomba, mzunguko mzima, kisha anatulia na kukodoa macho.

Povu likikaa kimya, ungio ni zima. Likianza kuvimba kama maziwa jikoni, pana tundu. Hili limekaa kimya. Anaweka alama ya vema kwa chaki, anajivuta hatua mbili na kuanza lingine.

"Hilo lilikuwa la mia moja na tisa," anasema bila kugeuka. "Yote ni mia nne na kumi na mawili. Ukitaka tuongee, tembea na mimi. Nikisimama nitapoteza hesabu, na kuanza upya sianzi."

Mita mia nne chini ya magoti yake kuna shimo lililoachwa na wachimbaji wa chumvi ya mawe, pana kiasi cha kumeza jengo la ghorofa kumi na bado likabaki na nafasi. Ndani yake mna upepo tu. Mchana, jua linapowaka na paneli za sola zinapotoa umeme kuliko watu wanavyoweza kuutumia, kompresa sita huchukua umeme huo wa ziada na kushindilia hewa shimoni. Jioni, kila nyumba inapowasha taa kwa wakati mmoja, valvu hufunguliwa, hewa hupanda kwa nguvu, inazungusha turbaini, na umeme unarudi kwenye gridi. Shimo likijaa lina uwezo wa megawati arobaini kwa saa nne, yaani jioni nzima ya mji wa wastani.

Tatizo ni kwamba kwa miezi kumi halijajaa. Lilikuwa linavuja, na mamlaka ya nishati iliamuru lijazwe nusu tu hadi tundu lizibwe. Limezibwa. Juzi shimo lilijazwa mpaka mwisho, likaachwa lipoe, na tangu jana saa tisa alasiri mshale wa geji ya kupimia mgandamizo wa hewa uko chini ya ulinzi. Ikifika leo saa tisa alasiri haujashuka hata kistari kimoja, kituo kinapewa kibali kamili. Ukishuka, shimo linafungwa, na wafanyakazi sitini na wawili wanamwaga unga.

Aliyewaambia wakubwa kwamba tundu lilikuwa moja tu na hakuna lingine ni huyu mwenye kopo la sabuni.

"Naogopa kidogo," anakiri akiwa kwenye ungio la mia moja na kumi na moja. "Nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya mchana kweupe. Lakini najua ninachokijua. Mtu aliyeziba pancha miaka kumi na minne hawezi kukaa anajiuliza kama povu ni povu."

Miaka hiyo kumi na minne aliimaliza kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha mabati chenye ukubwa wa kitanda cha futi sita. Alianza kama mpishi wa chai wa mafundi. Fundi mmoja alipohama na kuuza vifaa vyake, yeye akanunua jeki, nyundo na beseni, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke kwenye matairi ya malori? Walimpa wiki mbili.

Kilichomsumbua hakikuwa watu. Kilikuwa umeme. Kompresa bila umeme ni pambo, na umeme ulikuwa na tabia ya kukatika saa moja jioni, saa ile ile malori yalipopanga foleni. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na kilio hicho hicho nyumbani: sare za shule zimekatwa, wazazi wamekaa mlangoni, mashine imezimika.

"Yeye alikuwa analalamika," anasema Mama Povu. "Mimi nikasema kulalamika hakujazi tairi."

Alinunua tangi la chuma kwa muuza vyuma chakavu, kubwa kama mapipa mawili yaliyounganishwa. Mchana, umeme ukiwepo, alilijaza upepo mpaka geji ikagoma. Jioni ukikatika, aliunga mpira kwenye tangi na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Malori yaliyokuwa yakijaribu vibanda saba kabla ya kufika kwake yakaanza kusimama kwake kwanza.

Jioni moja likasimama gari lililokuwa likipeleka mabomba kwenye ujenzi wa kituo. Ndani yake alikuwemo mhandisi aliyekuwa na haraka. Barabara nzima giza, tairi limekaa chini, na mwanamke mmoja analijaza kana kwamba yuko peponi.

"Akaniuliza, umeme umekatika, huu upepo unautoa wapi? Nikamwambia, niliuweka mchana." Mama Povu anacheka hadi brashi inadondosha povu kwenye kiatu chake. "Akanitazama kama mtu aliyeona jini. Kumbe na yeye ndiyo kazi waliyokuja kufanya, na mabilioni yao. Mimi nilikuwa nayo kwenye tangi bovu."

Mhandisi yule alimwachia namba ya simu. Miezi mitano baadaye Mama Povu akaajiriwa kukagua mivujo kwenye maungio. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa mara tatu ya kile alichopata kwenye pancha mwezi ukiwa mzuri, na miezi mizuri ilikuwa ya kuhesabu. Kibanda alimwachia mmoja wa wale waliompa wiki mbili.

Nyumbani, habari hizo zilipokewa kwa namna mbili. Mumewe alifurahi, ingawa hadi leo hajaacha utani. Mama mkwe wake, anayeishi nao, alifurahi pia, lakini kuelewa hakuelewa.

"Anawaambia wenzake, mkwe wangu anauza upepo," anasema. "Nikimweleza, ananisikiliza vizuri kabisa, anaitikia, halafu mgeni akija anasema vile vile. Leo asubuhi nimemwambia, mama, niombee, leo ndiyo siku. Akaniambia, mwanangu, upepo hauishi, usijitie presha."

Amefika ungio la mia moja na arobaini. Povu bado kimya.

Wafanyakazi wa kituo wana neno lao moja ambalo mgeni hulisikia kabla hajaonyeshwa choo. Neno lenyewe ni "inapoa." Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Ikishafika shimoni hupoa, na ikipoa mshale wa geji hushuka kidogo bila kuvuja hata chembe. Kila mwajiriwa mpya huuona mshale ukishuka, akakimbia kupiga kelele, na wenyeji wakamcheka: inapoa hiyo, kaa chini.

Na kwa sababu kila mtu aliwahi kuchekwa, hakuna aliyetaka kuchekwa tena. Mshale uliposhuka kidogo, inapoa. Uliposhuka kupita kawaida, jua lilikuwa kali jana, inapoa zaidi. Kwa karibu nusu mwaka shimo lilikuwa linavuja mbele ya macho ya watu wenye digrii, na kila asubuhi mtu alipita, akatazama geji, akasema neno lile, akaenda kunywa chai.

"Usiwaandike wao tu," anaonya. "Mimi pia nilisema. Nilisema nikiwa na kopo hili hili mkononi. Naona aibu nikikumbuka."

Kilichomgutua ni matengenezo ya turbaini. Kituo kilisimama siku nne, hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Yeye ana mazoea ya kuandika kipimo cha geji kila asubuhi kwenye daftari la shule alilomnyang'anya mwanawe, kwa kuwa kibandani alizoea kupima tairi la mteja leo na kulipima tena kesho. Siku ya pili mshale umeshuka. Siku ya tatu umeshuka. Siku ya nne umeshuka tena, kwa kiasi kile kile.

Alilipeleka daftari kwa mhandisi wa zamu, kijana ambaye kituo kizima humwita Desimali, kwa kuwa hajawahi kutaja namba isiyo na nukta. Desimali anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri kuliko anavyopenda.

"Nilimwambia, mama, hiyo inapoa," anasema, akikuna shingo. "Akaniuliza kama nakunywa chai. Nikasema nakunywa. Akasema, chai ukiiacha mezani inapoa, sawa, lakini ikishapoa imepoa. Haiendelei kupoa siku nne. Nina shahada mbili za mambo ya joto, lakini nililichukua daftari lake nikampelekea meneja."

Meneja hakupendezwa. Kusimamisha kituo ili mtu apake sabuni ni jambo la kueleza kwa wakubwa wengi. Alimpa Mama Povu siku mbili na akamwuliza, mbele ya watu, kama akikosa itakuwaje.

"Nikamjibu, nikikosa narudi barabarani, kibanda changu nakijua kilipo." Anapangusa paji la uso kwa kiwiko. "Nilisema kwa kiburi. Usiku ule sikulala, nimlaumu nani?"

Siku ya kwanza na nusu ya siku ya pili alipita maungio yote mia nne na kumi na mawili, mara mbili. Yote yalikuwa mazima. Desimali alitembea nyuma yake akiwa na kifaa cha kusikilizia mivujo, nacho hakikusikia kitu. Kufika saa sita mchana wa siku ya pili, watu walikuwa wameanza kumpisha njiani kwa upole ule wa msibani, na yeye upole huo ulimkera kuliko kejeli.

Alikwenda kukaa kivulini nyuma ya stoo akashika tama. Hapo, anasema, ndipo alipojiona mjinga. Miaka yote ile, tairi likimshinda kwa povu, alilifanyaje? Alilizamisha. Tundu dogo lisiloonekana kwa brashi huonekana ndani ya maji. Lakini sabuni yake ilikuwa inapakwa kwenye mabomba, na mabomba ni valvu ya tairi tu. Tairi lenyewe lilikuwa chini ya ardhi, na hakuna aliyekuwa ameligusa.

Alikwenda kwa wazima moto wa kituo akawaomba wafungue mipira yote miwili na kumwaga maji uwanjani. Uwanja mzima, kutoka geti hadi ukuta wa nyuma. Mkuu wao akamwuliza kwa idhini ya nani.

"Nikamwambia, tairi hili siwezi kulibeba nikalizamishe kwenye beseni. Nileteeni beseni."

Desimali ndiye aliyetoa idhini, ambayo kwa kweli hakuwa nayo. Maji yakamwagwa. Ndani ya nusu saa uwanja wa sementi ukawa bwawa la kufika vifundoni, na watu wakatoka ofisini kuja kuona nani amerukwa na akili. Meneja alitoka na viatu vyake vizuri. Mama Povu alivua vya kwake akaanza kutembea ndani ya maji, ameinama, mikono mgongoni, kama mtu aliyepoteza sindano.

Aliliona nyuma ya stoo, pale pikipiki za wafanyakazi zinapoegeshwa. Kwenye ufa wa sementi usiozidi unene wa ukucha, maji yalikuwa yanachemka bila moto. Mapovu madogo madogo, mfululizo, yakitoka chini, mita chache kutoka alipokuwa ameshika tama.

"Sikupiga kelele," anasema. "Nilisimama hapo hapo nikalia. Halafu nikamwita Desimali, nikamwambia, njoo uone chai yako inavyopoa."

Siku tatu baadaye, kwenye makabati ya kampuni ya zamani ya chumvi, ikapatikana ramani iliyokunjwa ikionyesha kitobo cha utafiti kilichochimbwa pale miongo mingi iliyopita. Kilizibwa kwa sementi nyepesi na kusahauliwa. Hakikuwemo kwenye ramani yoyote ya kituo. Kukichimbua upya na kukiziba ipasavyo kulichukua miezi minne.

Jambo moja lilimkaa kooni. Siku tundu lilipozibwa, fomu ya ukaguzi ilisainiwa na Desimali. Kanuni ni kanuni: anayesaini sharti awe na cheti cha ukaguzi wa mitambo ya mgandamizo, na Mama Povu elimu yake iliishia darasa la saba. Tangu aajiriwe amegundua mivujo thelathini na mmoja. Jina lake halipo kwenye fomu hata moja.

"Desimali hana kosa, alikuwa anaona haya kuliko mimi," anasema. "Lakini nilipofika nyumbani mume wangu akaniuliza, kazi yako wameiandikaje? Nikamwambia, hawakuiandika. Yeye akishona shati, anatia lebo yake ndogo ndani ya kola. Mimi sina kola."

Tangu hapo yeye na mumewe wamekuwa wakisoma kwa ajili ya mtihani wa cheti hicho. Yeye hushika chuma cha pasi na kunyoosha sare zilizoshonwa, mumewe hukaa na kitabu cha mtihani na kumwuliza maswali. Mume anatamka maneno ya kitaalamu kwa namna ambayo hata waandishi wa kitabu wasingeyatambua. Mama mkwe husahihisha majibu kwa kusikiliza sauti: jibu likija haraka, anasema ni sahihi.

Saa sita mchana, ungio la mia nne na kumi na mawili linapata alama yake ya vema. Mama Povu anamwaga maji ya sabuni yaliyobaki, anasuuza brashi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hana cha kufanya. Kukaa bure kunamwia kazi ngumu kuliko kutambaa. Anafagia chumba cha geji ambacho kimeshafagiliwa.

Ndani ya chumba hicho mshale umesimama kwenye sabini kwa kipimo cha bar. Tairi la lori, kwa kulinganisha, hujazwa bar nane au tisa. Desimali ameweka kiti mbele ya geji na hajakiacha tangu alfajiri.

"Sabini nukta sifuri," anasema kila mtu anapoingia, hata asipoulizwa.

Saa nane mkaguzi wa mamlaka ya nishati anafika, mwanamama mwenye miwani na begi la ngozi, asiyecheka ovyo. Anasalimia, anavuta kiti, anatoa kalamu. Chumba kinajaa taratibu. Wapishi wanakuja na aproni zao, wazima moto wanabana mlangoni, meneja anasimama karibu na dirisha akijifanya anasoma simu. Hakuna anayesema inapoa.

Saa tisa kasoro dakika kumi, Mama Povu anaondoka mbele na kwenda kusimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Anasema hakutaka macho yake yausukume mshale. Mpishi mmoja anamshika mkono, na yeye anauacha ushikwe.

Saa tisa kamili mkaguzi anasimama. Anasogeza uso wake kwenye geji, anarudi nyuma, anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anatazama tena. Kisha anasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari: "Sabini. Haijashuka. Kibali mtakipata."

Chumba kinalipuka kwa shangwe. Meneja anamkumbatia mzima moto ambaye hata jina lake hana hakika nalo. Desimali ameinamisha kichwa juu ya magoti na mabega yanamtikisika. Mama Povu bado yuko ukutani, amefunga macho, anapumua kwa mdomo.

"Nani alikagua maungio na kuthibitisha uzibaji?" anauliza mkaguzi, ambaye ameshafungua fomu mezani.

Kelele zinapungua. Desimali anainuka, macho mekundu, anaonyesha kwa kidole ukutani. "Yule. Tundu kaliona yeye, na maungio yote kayapitia yeye."

"Aje ajaze basi."

Watu wanampisha njia. Mama Povu anajifuta mikono kwenye sketi, anaketi, anachukua kalamu. Anaandika jina lake kamili, yale majina matatu ambayo hapa kituoni hakuna anayeyatumia, herufi moja baada ya nyingine. Anasaini. Kisha kalamu inasimama juu ya mstari wa chini.

"Namba ya cheti," anasaidia mkaguzi.

"Sina. Mtihani ni mwezi wa tisa."

Mkaguzi anamtazama meneja, meneja anatazama dirisha. Desimali anasogea haraka na kusema, kwa sauti ndogo, kwamba wanaweza kuweka namba yake yeye pale, ndivyo walivyofanya siku zote, halitakuwa tatizo.

Mama Povu anaweka kiganja chake juu ya mstari ule.

"Mwanangu, ahsante, lakini hapana," anamwambia. "Wewe saini pembeni, uwe shahidi wangu, na namba yako iandike huko kwenye jina lako." Anamgeukia mkaguzi. "Hapa pangu paache wazi, dada. Mwezi wa tisa nitakuja ofisini kwako na kalamu yangu nipajaze mwenyewe."

Mkaguzi anavuta fomu, anasoma kanuni iliyochapwa nyuma yake kwa herufi ndogo, anaona shahidi mwenye cheti anatosha kwa sasa, anarudi mbele. Anamwonyesha Desimali mahali pa kusaini pembeni. Halafu, kwa penseli, anachora duara dogo kuuzunguka mstari ulio wazi na kuandika kando yake: *Unasubiriwa.*

"Ofisi yetu inafunguliwa saa mbili," anasema akifunga begi. "Njoo mapema, kuna foleni."